Imerudi, Lakini Si Yote

Kemunto,

Viatu umepakia, sweta umepakia, na kila mtu katika nyumba hii ameshakuambia ule vizuri na usali. Mimi sitarudia. Kama kwa miaka ishirini na sita hujajua kupika ugali, barua haitakusaidia.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Kigusii chetu kina heshima nyingi mno. Kila neno baya lina pazia lake, na mama hawezi kumwambia binti yake jambo la aibu bila kulizunguka mara tatu, mpaka limpotee yeye mwenyewe. Kiswahili nilikijua kazini, nikiwa muuguzi mdogo, nikikemewa na metroni kutoka mbali. Ndani ya lugha hii sina mkwe wala shemeji, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyo. Ukikasirika, kasirika. Ndiyo maana nimeandika badala ya kukuita sebuleni.

Jana watu walipokuja kukuaga ulisimama ukashukuru. Ukasimulia jinsi walivyokuhoji kule Naivasha, kwenye kampuni ya maua, kwa kazi hii ya kusimamia watu wa nje wanaoendesha kompyuta zao. Walikuuliza kama umewahi kuona ushirikiano wa namna hiyo ukiharibika, nawe ukawapa habari ya hospitali yetu: tulimwamini fundi, fundi akanyamaza, mama mmoja akafa. Ukamalizia kwa kusema, "Mama alinifundisha kwamba mtu wa nje ni wa nje, hata ukimlisha." Watu wakapiga makofi. Mchungaji naye akapiga. Dada yako Kwamboka alikuwa anagawa soda. Aliweka kreti chini akatoka nje, na wewe hukuona kwa sababu ulikuwa unaniangalia mimi.

Kazi umeipata kwa hadithi hiyo. Hadithi hiyo ni ya uongo, na aliyeitunga ni mimi.

Wakati mambo haya yanatokea ulikuwa chuoni Eldoret. Uliambiwa kwa simu, na aliyekuambia ni mimi. Basi sasa nisikilize upya.

Ombati hakuanza kama mume wa dada yako. Alianza kama kijana mwenye kampuni ya watu wanne, chumba kimoja ghorofani karibu na soko la Daraja Mbili, waliojitokeza kuendesha kompyuta za hospitali yetu mjini na za tawi letu la Masimba. Mimi najua kuzalisha, sijui waya. Nilimpa kazi, tukaandika mkataba wa kurasa sita, na mkataba ule ulisema kila Ijumaa saa tisa alasiri aje ofisini kwangu na daftari, aniambie kilichoharibika wiki hiyo. Si kilichokwenda vizuri, bali kilichoharibika. Hilo neno aliliweka yeye mwenyewe.

Tulikuwa tunagombana, mwanangu. Tuligombana kwa Kiswahili, na aliniita Madam.

"Madam, watu wako saba wanatumia nywila moja, na nywila yenyewe ni jina la hospitali."

"Na wewe Jumanne nimekupigia simu mara nne."

"Jumanne nilikuwa juu ya paa lako, Madam. Nishike waya ama nishike simu?"

Nilimchukia kila Ijumaa mpaka saa kumi na moja. Jumatatu nikija, kila kitu kinafanya kazi. Nami nilikuwa namwambia mambo ambayo hata baba yako sikumwambia: kwamba sista fulani anaogopa kompyuta na anajifanya imeharibika, kwamba mimi mwenyewe sijui kufungua ripoti ninazodai kila mwezi. Alinifundisha kuzifungua, na hakucheka. Miaka miwili tulikwenda hivyo. Ukiniuliza leo ushirikiano mzuri unafananaje, nitakuambia ni ule, na sikujua kwamba ni mzuri kwa sababu ulikuwa unaniudhi.

Halafu akampenda Kwamboka, aliyekuwa akisimamia meza ya kuandikisha wagonjwa. Watu wake wakaja kwetu Manga, mazungumzo yakaenda vizuri, na mwezi huohuo mkataba wetu ukafika mwisho. Akaja na karatasi mpya ya kutia sahihi. Mimi nikaisukuma ile karatasi kwa kidole mbele ya wajomba zako. Nikasema, "Kwani sasa mimi na wewe ni watu wa kuandikiana? Unafikiri nitakushtaki?" Wote wakacheka. Naye akatabasamu, akaikunja, akairudisha kwenye begi. Niliona nimemheshimu mtoto wa watu. Kumbe nimemfunga mdomo na nimeushona.

Kizazi chenu mnadhani chinsoni ni mkwe kutompa mama mkwe mkono, basi. Si hivyo tu. Chinsoni ni kwamba mkwe hakutazami machoni, hali chakula chako kwa ulafi, hataji uchi wala kosa wala aibu mbele yako. Akikuona umechafuka anageuka, hakwambii. Ni heshima nzuri, mimi sitaki mtu aje kuidharau. Lakini nimeipeleka mahali pasipo pake. Nimechukua mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kunitajia makosa, nikamfanya mtu ambaye ni mwiko kunitajia makosa, kisha nikamwachia mitambo ileile.

Ijumaa zikafa. Hakuna aliyezifuta, zilikauka zenyewe. Nikimkuta kwenye korido namuuliza kwa Kigusii mitambo iko aje, naye anaangalia viatu vyangu anajibu, "Buya mono, Mama." Nzuri sana. Kila kitu kikawa buya mono. Akiwa na la kusema kweli, alimwambia Kwamboka nyumbani, na Kwamboka aliniletea mimi kazini akishalipunguza makali, maana yeye pia ni binti yangu na hajui kunikaripia. Neno lililopita vinywa viwili lilinifikia limekonda.

Na mimi nilipenda. Usidhani nilidanganyika. Nilikuwa mwanamke mwenye hospitali, ambaye kwa mara ya kwanza hakuna mtu anayemwambia kwamba amekosea. Ijumaa saa tisa nilianza kulala kidogo.

Huko uendako watakuambia umtendee mtu wa nje kama mmoja wa familia. Watu husema hivyo kwenye hotuba. Mwanangu, angalia kwanza familia yenyewe inavyoambiana ukweli. Kwetu sisi, watu wa familia ndio tunaofichana. Mtu wa nje mwenye mkataba anaweza kukuambia unanuka, ukamkasirikia, na kesho mkafanya kazi. Mkataba si matusi. Ni mahali mnapoandika maneno mabaya mapema, mkiwa bado mnapendana, ili siku ikifika yasiwe mageni.

Siku moja Kwamboka aliniambia, "Mama, Ombati anauliza kama kuna siku tunaweza kuzima kompyuta, hata Jumapili moja." Nikasema si mwezi huu. Mwezi uliofuata akauliza tena, nikasema wagonjwa ni wengi. Sikuuliza ni kwa nini. Kumbe kile kifaa kinachoweka nakala za akiba, ili faili zikipotea zirudishwe, kilikuwa kimeacha kushika, na bila kuzima hakuna la kufanya. Zamani angeingia Ijumaa, angepiga daftari mezani na kusema, "Madam, leo ikiungua umekwisha." Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe kwamba amekwisha. Basi akauliza kwa upole, mara mbili, na kwa miezi mitano hakuna nakala hata moja iliyowekwa.

Unajua mvua za kwetu na radi zake. Ilipiga mchana, wakati wa chai. Nilisikia harufu kabla sijasikia watu wakipiga kelele. Seva, kompyuta kubwa inayotunza faili zote, ikaungua pamoja na vifaa vya kuilinda, na kwa siku tisa hospitali ikarudi kwenye kalamu na vitabu. Usisahau kwamba kadi za mkononi za wagonjwa nilikuwa nimeziondoa mimi mwenyewe. Nilijisifu redioni kwamba sisi ni hospitali isiyo na makaratasi. Siku zile tisa nilikuwa napita wodini nikiona akina mama wamepanga foleni na masista wanauliza kila mmoja tangu mwanzo, unaitwa nani, umezaa mara ngapi, na wengine wanabeba vikapu vyao wanaenda hospitali nyingine. Nilitaka kusikia neno moja tu.

Siku ya kumi nilikuwa jikoni naonja uji wa wimbi wa wazazi. Kwamboka akasimama mlangoni akasema, "Mama, mitambo imerudi, lakini si yote. Ombati anasema msiitegemee mpaka azungumze na wewe."

Alisema hivyo. Si kwamba sikumsikia, si kwamba kulikuwa na kelele. Nilimsikia kama ninavyosikia sasa hivi mlango wa baba yako ukifungwa. Nikasema, "Sawa." Nikaongeza sukari kwenye sufuria, nikakoroga, nikapanda wodini, nikawaambia masista, "Mitambo imerudi. Endeleeni." Walifurahi, mmoja akanikumbatia.

Nilijiambia kama lipo la maana atakuja mwenyewe. Yeye alikuwa anangoja nimwite, maana mkwe haendi tu ofisini kwa mama mkwe kumwambia kwamba miezi mitano imepotea. Nami sikumwita, kwa sababu nikimwita ataniambia. Tulikaa hivyo wiki tatu, vyumba viwili kutoka kila mmoja.

Sasa nakuja kwa yule mama, na sitamtaja jina, maana sina haki nalo. Alitoka Nyacheki, alikuwa na shamba dogo la chai na watoto wawili. Katika ile miezi mitano iliyopotea alikuja kwetu na jipu mguuni. Alichomwa sindano ya dawa fulani ya kawaida kabisa, akavimba uso, pumzi ikamkatika, tukamrudisha kwa shida. Sista aliandika kwenye faili yake, asichomwe dawa hii tena. Akaandika kwa herufi kubwa. Alifanya kazi yake.

Wiki ya tatu baada ya mitambo kurudi, yule mama alikuja kujifungua. Mtoto alitoka salama, wa kike. Usiku homa ikampanda, na asubuhi sista mwingine akafungua faili kwenye kompyuta aone kama kuna dawa zinazomdhuru. Faili ilikuwepo, ile ya zamani, ya kabla ya miezi mitano ile, safi, na penye dawa zenye madhara pameandikwa hakuna. Hilo ndilo nataka ulielewe kuliko yote. Kama kompyuta ingekuwa imezimika, sista angemwuliza mgonjwa. Ilikuwa inawaka.

Mgonjwa mwenyewe alisema. Alipoona sindano aliuliza, "Sista, hiyo si ile ya siku ile?"

Sista akamwambia, "Hapana, Mama. Kompyuta inasema uko sawa."

Hakufika saa nne. Mume wake alikuwa nje na mkungu wa ndizi aliowaletea masista, akaniuliza mimi nikipita, "Daktari, watatoka leo ama kesho?" Mimi si daktari, na sikumsahihisha. Nikamwambia angoje kidogo.

Ukifika kazini watakuonyesha ripoti zenye alama za kijani, na yule mtu wa nje atakuambia nakala zipo. Usimwambie asante. Mwambie, "Zima, kisha nirudishie mbele ya macho yangu faili ninayoichagua mimi, ya wiki jana." Akichukia, mwache achukie. Na akikuambia imerudi, muulize, "Yote?" Ukiona haya kuuliza, jua tayari kuna kitu kimeoza kati yenu wawili, na si kompyuta.

Kikao cha kuchunguza kifo kile kilifanyika katika chumba chetu cha mikutano. Alikuwepo mkaguzi kutoka serikalini, mwanamume mpole mwenye miwani, alikuwepo wakili wetu, na mume wa marehemu aliketi karibu na mlango na mtoto amefungwa kwenye shuka. Mkaguzi aliniuliza kama niliarifiwa kwamba rekodi hazikurudi zote.

Nikasema, "Hapana."

Sikusitasita hata kidogo, Kemunto. Nimewahi kusitasita zaidi nikichagua vitunguu.

Akamgeukia Ombati. "Ulimwarifu mwenye hospitali?"

"Nilimwarifu."

"Kwa maandishi?"

"Hapana. Hatukuwa na mkataba wa maandishi tena."

"Uso kwa uso?"

"Hapana. Kupitia mke wangu."

Wakamwita Kwamboka. Mkaguzi akamuuliza kama alinifikishia ujumbe huo. Dada yako aliniangalia mimi, hakumwangalia mume wake. Nami nikamtazama vile nilivyokuwa nikiwatazama mkiwa wadogo, wageni wamekuja na mmoja wenu anataka kuomba nyama ya pili. Unaijua hiyo sura. Kwamboka akasema, "Sikumbuki."

Ombati akainamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Basi kosa ni langu." Mkaguzi akaandika. Mume wa marehemu alisimama, akamwendea, akamtemea mate shati, na hakuna aliyemzuia.

Ungedhani hapo ningetosheka. Kampuni yake ilikuwa na wateja wengine, shule mbili, duka la dawa na sako ya akiba ya walimu. Walinipigia mmoja mmoja kuuliza kama ni kweli. Sikuwadanganya tena. Nilikuwa nasema, "Mungu amsaidie tu." Hapa Kisii hilo linatosha. Mwaka haukuisha, chumba chao cha ghorofani kikawa cha mshonaji.

Kabla hajaondoka alileta daftari. Ndani yake nywila zote, kila kifaa mahali kilipo, kila waya unapokwenda, mwandiko safi wa mtu asiye na haraka. Ukurasa wa mwisho aliandika kwamba kompyuta kubwa ya Masimba hupata joto mchana, kwa hiyo dirisha la kaskazini liachwe wazi. Nilikuwa nimemla nyama, naye ananikumbusha kufungua dirisha. Nilimchukia kwa ukurasa ule kuliko kitu chochote.

Sasa tuna kampuni ya Nairobi. Wanajibu "tumepokea" kabla hujaweka simu chini. Sijawahi kuona uso wa hata mmoja wao, na wao hawajui Masimba iko juu au chini. Siwalaumu. Aliyenijua nilimfanya nini?

Kwamboka alirudi hapa nyumbani miezi michache baadaye. Watu walisema Ombati alimfukuza, na mimi sikuwakatalia. Hakumfukuza. Aliacha tu kumuuliza chochote, hata chumvi iko wapi. Anainuka anaitafuta mwenyewe. Dada yako alivumilia, kisha akabeba nguo zake. Sasa anafuga kuku, anaimba kwaya, na nikimwambia, "Mwambie baba yako chakula kiko tayari," anajibu, "Mwambie wewe." Ulikuwa unamwona ana kiburi. Ulimkemea mbele yangu mwezi jana, ukamwambia amekuwa mchungu kwa sababu aliolewa na muuaji. Nami nilikuwa pale nikichambua mboga.

Na wewe mwenyewe ulikutana na Ombati Masimba sokoni, akakusalimu kwa jina, ukageuka ukawaambia rafiki zako kwa sauti, "Huyu ndiye aliyetuulia mgonjwa." Ulinisimulia ukicheka. Nilikuongezea chai.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwangu haikuwa hivyo. Kifo kilikuja, kikamwumbua mwingine, na mimi nikaendelea kuheshimiwa. Hilo hawakunionya.

Baada ya makofi yako ya jana sikuweza kula. Leo asubuhi nikaenda Masimba. Ombati ana kibanda karibu na maduka, anatengeneza simu. Nilisimama mbele yake peke yangu, mahali mama mkwe hasimami, nikamsalimu kwa Kigusii.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Karibu, Madam. Ni kioo ama ni betri?"

Miaka yote ile alikuwa ameacha kuniita Madam. Nikaelewa kwamba pazia limetoka, na sasa hakuna cha kunikinga.

Nikamwambia, "Nilisikia. Siku ile jikoni. Kwamboka aliniambia si yote, nikasikia."

Aliendelea kufungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo. "Najua," akasema. "Aliniandikia siku hiyohiyo. 'Nimemwambia Mama si yote, amesema sawa.' Simu ninayo mpaka leo."

"Ulikuwa nayo kwenye kikao?"

"Ilikuwa mfukoni."

Nikamuuliza kwa nini hakuitoa. Hapo ndipo aliponitazama machoni, mara ya kwanza tangu Ijumaa zile.

"Ningeitoa ningekuwa nimekuvua nguo mbele ya watu, na ulikuwa mama mkwe wangu. Nikasema mke wangu akimaliza kulia atasema mwenyewe. Hakusema. Wewe ulimlea vizuri."

"Nimekuja kuomba..."

"Hapa natengeneza simu tu, Madam. Msamaha sina. Na sasa wewe si mama mkwe wangu, kwa hiyo nitakuambia kama nilivyokuwa nakuambia zamani. Yule mama umemuua wewe. Mimi nilikusaidia kwa kukuheshimu. Mwenye kuambiwa si mimi, ni mume wake. Sasa sogea, kuna mteja nyuma yako."

Nikasogea. Mteja alikuwa msichana mwenye simu iliyoanguka majini.

Kemunto, yule mwanamume wa Nyacheki bado anamleta mtoto wake kwangu, chanjo zote amezimaliza kwetu. Kila akija ananiletea kitu, mboga, ndizi, mara moja kuku. Ananishukuru kwamba nilisimama imara na kumfukuza yule fundi. Mtoto ameanza kutembea, anajua kuniita nyanya. Nimepokea vyote viwili, kuku na jina hilo la nyanya.

Kesho hutaniona ukiondoka. Wewe ukipanda gari nitakuwa Nyacheki mlangoni kwake, na nikitoka kwake nitaenda kwa yule mkaguzi. Sijui atanifanya nini. Wakifunga hospitali, wafunge. Leo mchana nimemwambia baba yako, akauliza kama nina homa. Kwamboka nimemwambia pia. Aliendelea kumwaga maji ya kuku mpaka bakuli likafurika, halafu akasema atakuja na mimi, na kwamba safari hii atasema yeye, mimi ninyamaze.

Na wewe una lako. Jumatatu, kabla hujaonyeshwa kiti chako, mtafute aliyekuhoji umwambie kwamba hadithi uliyompa haikuwa hivyo, umpe hii ya kweli. Wanaweza kukurudisha nyumbani siku hiyohiyo. Nakujua, maana nimekufinyanga mimi. Utajiambia ungoje kwanza wakuzoee, waone kazi yako, halafu utasema. Ukingoja hivyo utakuwa bosi mzuri sana, watu wa nje watakuogopa na kukujibu kwamba kila kitu ni kizuri, na siku moja mtu atakufa, au kitu tu kitakufa, na utakuwa tayari na jina la mtu wa kumtupia lawama.

Habari hizi zitaandikwa, labda zitafika mpaka huko. Watakuuliza kama mwanamke huyo ni mama yako. Mimi ningekuwa wewe ningekataa. Wewe usikatae.

Mama